Jumatatu ya Pili

Siku hizi kila mtu hupewa tarehe yake ya kufa, na haikosei. Ya mke wangu Tunu inaangukia Jumatano, tarehe ishirini. Kwa hiyo napanga likizo.

"Tunaondoka Samoa Jumanne asubuhi," nilimweleza, "tunatua Rarotonga ikiwa bado Jumatatu. Kalenda za visiwa hivyo zimepishana siku nzima. Utapata siku ya nyongeza, tujilaze tu ufukweni."

Tunu alicheka huku akipanga nguo kwenye begi.

"Na wakati wa kurudi, Baba Rehema?"

"Kurudi, siku moja inarukwa."

Alikunja gauni lake.

"Basi wewe panda ndege Jumanne usiku. Hiyo Jumatano usiione."

Kisha akaliweka shati langu juu kabisa, nisihangaike kulitafuta nikiwa peke yangu.