Maharagwe Yaliyochaguliwa

Mzee Ndegwa alichukua mfuko wa mbegu ambao mke wa mwanawe, Mwihaki, alikuwa amenunua mjini, River Road, akampitishia jirani juu ya ua.

"Baba!" Mwihaki alisema. "Hizo ni za shamba letu."

"Jirani apande yeye. Sisi tuna zetu."

Mbegu zao zilikuwa maharagwe ya marehemu mke wa mzee, madogo, yenye madoadoa ya zambarau. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Kabete walikuwa wamekusanya maharagwe ya wakulima wengi wa Dagoretti, wakayajaribu yote, wakachagua hayo. Kila msimu gari lao lilirudi kuomba mengine. Mzee alikuwa ameshatoa ushuhuda kanisani.

"Lakini mwaka jana yalikauka. Na mwaka juzi."

"Ile ilikuwa mvua kukosa, Mama Shiku. Ama wewe umesoma kuwashinda watafiti?"

Mtu habishani na baba mkwe mbele ya jirani. Wakapanda shamba lote. Hawakuwa na chakula kingine cha kungoja.

Yalipochanua, mishipa ya majani ikaanza kuwa myeusi. Mwihaki akafunga majani machache kwa gazeti, akaenda Kabete.

Mtafiti mmoja, Wamucii, alimwingiza kwenye nyumba ya vioo. Maharagwe ya mzee yalisimama mezani kwenye mikebe, kijani kibichi.

"Haya ni mazima!" Mwihaki karibu acheke. "Mnanyunyizia nini?"

"Hatunyunyizi, mama. Ugonjwa uko ndani tayari." Wamucii aliinua jani moja kwa kidole. "Kuvu ina jeni inazowasha na kuzima, kama taa. Ikiingia, huwasha kwanza zile za kuuduwaza mmea, usijitetee. Baadaye ndipo huwasha za kuua. Sisi hukata majani kila hatua, tuone zipi zimewaka."

"Na dawa?"

"Tukishaelewa. Labda miaka mingi."

Mwihaki akaweka gazeti mezani, bila kulifungua. "Kama yanaugua hata kwenu, mbona mlimwambia mzee mmeyachagua?"

"Tulimwambia. Hakungoja tumalize. Alivua kofia akaanza kuomba, nasi tukafumba macho."

"Mlitaka kumaliza mkisema nini?"

Wamucii alirudisha jani taratibu mahali pake.

"Kwamba kazi hii inahitaji mmea ambao kuvu haikosi kuushinda. Maharagwe ya wakulima wengine wote, mara nyingine hukataa kuugua. Ya mzee hayajawahi."