Tope la Kilima cha Hospitali

Magurudumu ya nyuma yalikuwa yakichimba kifusi nyuma ya gereji, yakirusha kokoto mpaka ukutani. Ya mbele yalitulia tuli, kana kwamba hayahusiki.

"Toa gia ya mlima, halafu itie tena," fundi alisema akiwa nje.

Mfiwa, aliyeshika usukani, alirudisha kile kijiti kifupi kilicho kando ya gia, akakitia tena. Kiliingia bila ubishi. Taa ya kijani ikawaka kuonyesha kwamba sasa magurudumu yote manne yanavuta. Akakanyaga mafuta. Nyuma kukachimbika, mbele kimya.

"Zima. Hiyo taa inatudanganya."

Ilikuwa vani kuukuu, yenye umri mkubwa kuliko ndoa nyingi za mtaa ule, na tangu siku ya msiba haikuwa imeoshwa. Siku hiyo mvua ilipiga tangu asubuhi, na mke wa huyu bwana akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Mume alikuwa safarini. Mdogo wake ndiye aliyempakia shemeji yake na kushika njia ya hospitali. Vani ikakwama katikati ya kilima. Alihangaika na tope mpaka mama na mtoto wakamfia kiti cha nyuma.

Aliapa kwamba gia ya mlima aliitia. Nani amsikilize? Ukoo mzima ulishaamua kwamba alibabaika, akasahau kuvuta kijiti. Mama yake mzazi hapokei simu zake. Kazi ya udereva ameachishwa. Hata makaburini alisimama peke yake, watu wamempa kisogo. Inauma kuua mtu bila kukusudia. Kuambiwa umeua wakati unajua ulifanya kila kitu, hiyo ni zaidi ya kuuma.

Fundi alipiga jeki, akaingia chini ya gari na tochi. Hakukaa sana.

"Kaka, hebu njoo uone."

Mfiwa akajilaza chali kando yake.

"Propela ya nyuma hii hapa, inapeleka nguvu magurudumu ya nyuma. Ya mbele iko wapi?"

Fundi alimulika mahali patupu kuelekea mbele.

"Haipo. Imefunguliwa. Mdogo wako angekivuta kile kijiti mpaka king'oke, na taa ingewaka vilevile, lakini mbele kusingevuta."

"Kwa nini mtu aifungue?"

"Ubahili tu! Ikichakaa inavuma, inakera. Badala ya kununua nyingine, mtu anaitoa. Kelele zinaisha, mafuta yanapungua, na kwenye lami hutagundua lolote. Wapo wengi wa hivyo, tena wala hawamwambii dereva. Mimi watu hao ningewazaba makofi."

Mfiwa aligeuza uso upande wa pili. Fundi akamwonea huruma. Si jambo dogo kugundua kwamba umemfukuza ndugu yako wa tumbo moja kwa kosa lisilo lake.

"Labda imeibwa juzijuzi," mfiwa alisema, "gari likiwa limeegeshwa nyumbani."

"Haikuibwa. Tazama matundu ya boliti." Fundi alimulika. Tope jekundu lilikuwa limejaa humo, limekauka likawa gumu kama tofali. "Tope hili ni la kile kilima. Kama propela ingekuwepo siku ile, humu mngekuwa na boliti, tope lingepita wapi?"

"Hakuna kingine kinachoonyesha hivyo?"

"Hili tu. Ndiyo maana nakwambia usithubutu kuliosha. Walete wazee, walale hapa chini kama sisi, waone kwa macho yao. Mdogo wako hana hatia, kaka. Mpigie simu sasa hivi."

Mfiwa alitoka chini ya gari, akakaa juu ya tairi bovu, akaangua kilio. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, na fundi, ambaye hakujua kubembeleza watu wazima, alisimama pembeni akifuta spana isiyo na uchafu. Moyoni alikuwa na furaha. Kazi yake ilikuwa ya grisi na lawama za wateja. Kumsafishia mtu jina ilikuwa mara ya kwanza.

"Wanakuja," mfiwa alisema hatimaye. "Mama na wajomba. Jioni hii, na fundi wao. Mama amesema anataka kujua ukweli kabla hajafa."

"Afadhali! Basi yatakwisha leo."

Mfiwa alijifuta macho kwa mkono wa shati. Akaenda nyuma ya vani, akafungua mlango, akaingiza mikono yote miwili chini ya kiti. Alivuta kitu kirefu, kizito, kilichoviringishwa kwenye shuka, akaja nacho akikikumbatia mpaka miguuni pa fundi. Akalifunua shuka. Ilikuwa propela.

"Osha kwanza," alisema, akitoa boliti mfukoni. "Halafu irudishe."