Jina la Kunyonyea

Tangu jana asubuhi mtoto mchanga wa Milembe alikuwa amekataa kunyonya, na kwao mtoto akikataa ziwa husemwa anangoja kuitwa jina lake. Bibi Nkwimba, mama mkwe, alimshika kichwa akamsogeza kifuani kwa mama yake, huku akiwataja wafu wa ukoo mmoja mmoja.

"Ngwilimi. Shigela. Haya, hata Lusende, mlevi yule!"

Mtoto aligeuza uso akalia, sauti imekwisha kumkauka.

"Mama, jaribu Harrison," Milembe akasema kwa woga.

"Harrison? Mtaa mzima Harrison! Ukiita mmoja wanageuka wanane, na mbuzi juu yake. Hilo lilikuwa jina la ukoo la yule Mwingereza aliyetuchimbia kisima. Maana yake mwana wa Harry. Sasa huyo Harry ni nani kwetu? Kazikwa wapi?"

"Simjui, mama. Ila mwanangu anakufa."

Bibi Nkwimba akautazama utosi wa mjukuu wake, uliobonyea kama kisahani. Wafu wake wote alikwisha kuwaita. Akameza mate, akainama.

"Harrison," akanong'ona. "Harrison, baba, karibu. Njoo unyonye."

Mdomo mdogo ukafunguka, ukashika.

"Anavuta, mama!" Milembe akacheka huku machozi yakimtoka. "Anavuta!"

Bibi aliendelea kulitaja jina lile la watu, taratibu, kama mtu anayepuliza moto uliokwisha kushika.