Daftari la Mwaka Uliofeli

Bi Tabu, mwalimu wa siku nyingi, alilikumbatia daftari moja. Mengine kumi na manne, yenye alama za somo la kusoma za wanafunzi wake, yalikuwa mezani kwenye maktaba ya chuo, majina yameshafunikwa, tayari kutumiwa na watafiti.

"Na hilo, mwalimu?" aliuliza Kaduma, mtunza nyaraka.

"Hili niachie, mwanangu. Mwaka huo nilijaribu mbinu yangu mpya, darasa zima likafeli. Watanicheka."

"Wacheke, mama, lakini wakilisoma hawatairudia mbinu hiyo kwa watoto wengine."

Bi Tabu akafumba macho, akamwomba Mungu ujasiri. Kisha akalifungua daftari, akachukua gundi na vipande vya karatasi. Kila jina alilisoma polepole kwa sauti, akaliombea baraka, ndipo akalifunika kwa namba. Alipofika kwenye jina la tatu, Kaduma naye alikuwa akiitikia amina.