Majani ya Msonobari

Kaylene aliinama kuchota maji, akakuta majani mabichi ya msonobari, membamba kama sindano, yamemnasa vidoleni.

Asubuhi, yeye na mumewe walipoiacha kayaki, mtumbwi wao wa makasia, mdomoni mwa korongo na kuanza kupanda kwa miguu, kijito hiki kilikuwa kiangavu. Sasa kilikuwa kama chai ya maziwa. Na misonobari haioti huku kwenye mawe matupu. Huota kule juu milimani.

"Huko juu kumenyesha," alisema. "Tupande pale kwenye kibaraza cha mwamba."

Mumewe aliutazama ukanda wa anga katikati ya kuta za korongo. Hapakuwa na wingu. "Mvua ya wapi, mama? Umeanza tena." Walikuwa wakizozana tangu alfajiri, si bure watu wa huku huiita kayaki ya wawili mtumbwi wa talaka. "Haya, wewe panda. Mimi naenda kuivuta kayaki, ipo hapo tu chini ya kona. Ikisombwa, tutatokaje humu?"

"Iache."

Alikuwa ameshapinda kona.

Kaylene alipanda, magoti yakimchubuka, mpaka akafika kibarazani. Hapo ndipo alipotazama juu. Mbali juu ya kichwa chake, gogo zima lilikuwa limekwama baina ya kuta mbili. Mafuriko ya zamani yalikuwa yameliacha pale, juu sana kuliko kibaraza.

"Nimeifunga," mumewe aliita kutoka chini, akicheka. "Nakuja, bibi mvua."

Upepo wa baridi ukampiga Kaylene kisogoni, ukinuka udongo uliolowa. Kibaraza kikaanza kutetemeka chini ya viganja vyake.

Alifumbua mdomo amwambie akimbie, akakosa upande wa kumwelekeza.