Mti Uliokwenda Kombo

Kila mtoto wa Tanga hupandiwa mti siku anayozaliwa. Mti ukikubaliwa kujengea merikebu, mwenyewe huondoka nao baharini, asionekane tena. Ndiyo sheria.

Siku ya tamasha la merikebu, Bi Somoe alitembea gatini kifua mbele, amemshika mkono bintiye Raya, akiitazama ile milingoti mirefu, imenyooka kama sindano. Wasiwasi hakuwa nao. Tangu mti wa Raya ulipokuwa mche, alikuwa akiufunga kamba kwa siri na kuupinda, hata sasa umejikunja uani kama upinde.

"Mti wako ukoje, binti?" fundi wa merikebu alimuuliza Raya.

"Umekwenda kombo!" Bi Somoe alidakia, akicheka. "Haufai hata mpini wa jembe."

Fundi naye akacheka, akawapandisha merikebuni na kuwashusha chini ya sitaha. Huko, ubavu wote wa merikebu ulishikiliwa na magogo yaliyopinda kama mbavu za ng'ombe.

"Haya ndiyo mataruma, mama. Milingoti mitatu, mataruma themanini. Miti iliyonyooka tunayo tele. Iliyopinda ndiyo tunayoitafuta." Akachomoa kalamu sikioni. "Mnakaa mtaa gani?"

"Chumbageni," Raya alijibu kwa adabu, kabla mama yake hajawahi kumfinya.