Mkono Usiodumu

Mkono wa jasi ulikuwa umevunjika tena, safari hii kwenye kifundo. Mama Chiriku aliviweka vipande juu ya meza ya karakana, akavuta kigoda, akaketi.

"Umeanguka?" mumewe akauliza.

"Umeanguka."

Fundi alijionea aibu. Dari za watu kibao zilipambwa kwa maua yake ya jasi na hakuna ua hata moja lililowahi kudondoka, lakini kitu pekee alichoombwa na mkewe kilikuwa hakidumu. Kweli mganga hajigangi.

Akaitoa kalibu ya mpira. Waliitengeneza kwa mchezo, Chiriku akiwa hai, na mtoto alipiga domo muda wote huku mkono wake umezama kwenye mpira. Baada ya hapo ikaja homa. Sasa kila mstari wa kiganja kile ulikuwa umebaki mle ndani, hata kovu la kidole gumba.

Alinyunyiza unga wa jasi kwenye maji, akakoroga, akamimina. Jasi ikianza kuganda hupata joto yenyewe, bila moto. Likishaisha halirudi tena, na hapo fundi hujua kazi imeiva. Mkewe aliipakata kalibu kama kawaida yake na kufumba macho. Fundi alidhani ni uchovu, maana tangu msiba hakuwa akilala.

Safari hii alikuwa amepunguza maji na kuchanganya nyuzi za katani. Mkono ulitoka mgumu ajabu.

"Huu ukianguka, itakayopasuka ni sakafu," alitania.

Mkewe hakucheka. Aliuvingirisha kwenye kitambaa, akaondoka nao. Fundi alibaki akifuta meza iliyokwisha kuwa safi, machozi yakimtoka.

Kesho yake mama Chiriku akarudi. Fundi alikifungua kitambaa kwa hofu: mkono ulikuwa mzima, vidole vyote vitano. Nusura aruke kwa furaha.

"Si nilikwambia!"

"Nimeupigiza ukutani mpaka nimechoka," mkewe akasema. "Hauvunjiki."

"Uupigize kwa nini tena, mama Chiriku?"

Mkewe alikuwa ameshaketi kwenye kigoda, mikono ameinyoosha kuipokea kalibu.

"Umepoa," akasema. "Nichanganyie mwingine."